Geuza Simu, Mwalimu

Sogea kidogo unisikie vizuri, maana siku hizi sauti yangu huisha kabla ya siku kwisha. Nimefundisha sayansi miaka mingi katika shule moja ya huku Mukurweini, na sauti ya mwalimu ni kama kisu cha jikoni: unakinoa kila asubuhi, mpaka siku moja unajikuta umeshika mpini mtupu. Nataka kukueleza jinsi nilivyowafundisha watu wengi jambo lisilo kweli kuhusu vipepeo, tena kwa nia njema na kwa uvumilivu wangu wote, na jinsi mwalimu mmoja kijana alivyokaribia kufukuzwa kazi kwa ajili hiyo.

Nilikuwa na ujuzi wangu wa wadudu tangu utotoni, ila sikuuita ujuzi. Tulipokuwa tukimsaidia mama kuchimba viazi vitamu, tulikuwa tukifukua pupa wa kahawia udongoni, kile kifuko kigumu ambamo kiwavi hugeuka kuwa nondo au kipepeo. Tulimshika katikati kwa vidole viwili tukamwambia, tuonyeshe mlima uko wapi. Naye alizungusha mkia, na popote mkia ulipoelekea tulikubali kwamba Mlima Kenya uko huko, hata kama mlima wenyewe tuliuona umesimama upande mwingine. Huo ulikuwa mchezo. Elimu, nilivyoijua mimi, ilikuwa katika kitabu.

Mtaala mpya ulipokuja, elimu ikahama kitabuni ikaingia kwenye simu. Wanafunzi walitakiwa waone, waguse, wapige picha, watengeneze mradi. Vitabu vilichelewa. Vishikwambi vya shule vilikuwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa na mtu aliyehamishwa. Kwa hiyo nilifanya kama walimu wengine: nilinunua bando langu, nikaketi kwenye lile dirisha la chumba cha walimu ambapo mtandao hushika, nikaanza kujifunza upya mambo niliyokuwa nikiyafundisha.

Nilitazama video nyingi za maisha ya kipepeo. Zilikuwa nzuri kweli. Yai jeupe chini ya jani, kiwavi mwenye milia, halafu pupa wa kijani mwenye vitone vya dhahabu, akining'inia kichwa chini kama popo. Kisha anapasuka, na kipepeo wa rangi ya chungwa anatoka akiwa amekunjamana kama kitambaa kilichotoka kukamuliwa. Video ya kwanza ilisema hivyo, ya pili ikasema hivyo, na ya kumi pia. Nikaona mashahidi wote wanakubaliana, basi kesi imekwisha. Sikutambua kwamba mashahidi wote walikuwa wakimzungumzia kipepeo mmoja tu, wa nchi za mbali, ambaye watu wa huko wanampenda sana na kumpiga picha mchana kutwa.

Nikatengeneza video yangu. Nilikuwa na jani la kahawa, karatasi iliyokunjwa, na mkono wangu mmoja, nikaeleza kwa Kiswahili chepesi kwa dakika sita. Kueleza ndicho kipawa nilichopewa. Sikupewa kuimba wala kupika. Karibu na mwisho nilisema sentensi mbili ambazo bado nazisikia ninapoosha vyombo. Nilisema, "Pupa wa kipepeo hukaa kichwa chini. Ukimwona kichwa juu, umeangalia vibaya."

Ile ya kwanza ilikuwa kosa la kutojua. Ile ya pili ndiyo ninayoijutia.

Niliituma kwenye kikundi chetu cha walimu wa sayansi. Kikundi hicho kina watu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, mmoja yuko Doldol kule kwa wafugaji, na wachache wako Wang'uru kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea. Walishukuru. Wakaituma kwa wengine, na wale wengine kwa wengine, mpaka nikaanza kusalimiwa sokoni na watu nisiowajua: wewe ndiwe yule mwalimu wa vipepeo? Muhula huo nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na vipindi vingi, magoti yalinisumbua, na nyumbani kahawa ilikuwa imeiva ikingoja wachumaji. Mtu aliyechoka akishukuriwa hupata nguvu kidogo, na nguvu hiyo humfanya asitake kuulizwa.

Hapo ndipo mwalimu wa Wang'uru alipotuma picha.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa bodi, yaani ameajiriwa na kamati ya shule kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Picha ilikuwa ya pupa wa kijani kwenye kijiti cha mlimau. Mkia wake ulikuwa chini, umegandishwa kwenye kijiti, kichwa kikiwa juu, na uzi mwembamba umemzunguka kiunoni ukamshikilia. Aliandika: "Mwalimu, huyu wetu amekaa kichwa juu. Ni kipepeo kweli ama ni kitu ingine?"

Niliitazama picha ile nikiwa na daftari arobaini mezani. Niliitazama muda wa kumeza funda moja la chai. Kisha nikafanya ninachojua kufanya: nikabonyeza kitufe cha kurekodi na kumweleza kwa upole. Nilimwambia asijali, hata mimi nilipoanza nilikosea mara nyingi. Nilimwambia simu zetu hizi hugeuza picha zenyewe, hasa mtu akiinama chini ya mti kupiga. Nilieleza habari ya uzito na habari ya popo. Nilizungumza dakika tatu nzima bila kukasirika hata kidogo, nikamalizia, "Geuza simu, mwalimu, utaona kila kitu kimekaa sawa."

Kikundi kilicheka siku mbili. Mmoja wa Karatina aliuliza kama huko Mwea hata mpunga hupandwa mizizi ikiangalia juu. Yule wa Doldol akasema, "Ng'ombe wa huku wakianza kutembea kwa mgongo, nitawatumia picha." Kila aliyetuma kitu chochote, hata tangazo la mazishi, alijibiwa na mtu: geuza simu, mwalimu. Sikucheka nao, lakini sikuwakataza. Yule binti alijibu neno moja tu, asante, na baada ya hapo hakuandika tena.

Zilipita wiki tatu hivi. Siku ya Jumanne, saa ya mapumziko, alinipigia simu. Nilidhani anataka msaada wa mradi. Akanieleza, bila haraka, kwamba mwalimu mkuu wake alikuwa ameingia darasani kumkagua. Ripoti ya ukaguzi huo ndiyo kamati ya shule ingeisoma mwisho wa mwezi kuamua kama atapewa mkataba mwingine au aende nyumbani. Yeye alikuwa amekata kijiti cha mlimau chenye pupa, akakisimamisha kwenye chupa, na watoto wakachora walichokiona. Mtoto mmoja alisema pupa amejifunga mkanda kama mtu wa stima aliyepanda nguzo ya umeme. Darasa lote likaelewa mara moja. Aliniambia hicho ndicho kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote alivyowahi kufundisha.

Baada ya kipindi mwalimu mkuu alimwita ofisini, akatoa simu, akamwekea sauti yangu. Ukimwona kichwa juu, umeangalia vibaya. Kisha akaandika kwenye fomu kwamba mwalimu hana hakika na somo lake.

"Sikukupigia kukulaumu," alisema. "Niko na swali moja tu. Ile picha niliwatumia, uliiangalia?"

"Niliiangalia."

"Uliiangalia, ama uliigeuza?"

Kengele ililia, nikamwambia nitampigia. Hiyo nayo ilikuwa njia ya kukimbia, lakini kengele ilikuwa imelia kweli.

Mchana nilirudi kwenye lile dirisha, nikaitafuta picha yake na kuipanua kwa vidole. Ilipigwa asubuhi baada ya mvua. Nyuma ya pupa kulikuwa na jani la mlimau, na kwenye ncha ya jani kulikuwa na tone la maji, limevimba, liko karibu kudondoka. Tone hilo lilielekea chini ya picha. Nikaigeuza simu kama nilivyomwagiza yeye. Tone likawa linaning'inia kuelekea mbinguni. Nikairudisha. Nikaigeuza tena. Sijui nilitaka nini, labda nilitumaini maji yangebadili nia.

Binti alikuwa ameshika simu sawasawa tangu mwanzo. Jani lilikuwa limetoa ushahidi, na mimi nilikuwa nimeliona kwa muda wa funda la chai.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hili linaweza kukufaa. Nilianza kutafuta upya mtandaoni, lakini safari hii sikuandika "maisha ya kipepeo." Niliandika jina la mmea na neno kiwavi, nikaongeza jina la nchi yetu. Kipepeo hatagi mayai popote tu. Mama hutafuta mmea ambao watoto wake wataula, kwa hiyo mmea ndio anwani yake. Mara moja zikafunguka kurasa ambazo sikuwahi kuziona. Hazikuwa na muziki wala rangi nyingi. Zilikuwa za watu wa kawaida waliopiga picha kwenye michungwa na milimau yao wakaandika mahali walipo. Kiwavi huyo anapokuwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, ili ndege asimtamani. Akikua anakuwa wa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Pupa wake hukaa kichwa juu, ameegemea mkanda wa hariri. Kipepeo wake ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye nimemwona maisha yangu yote akipita juu ya ua.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje kabla ya chai, nikaenda kwenye mlimau wangu mwenyewe ulio nyuma ya jikoni. Miaka yote hiyo, nilipoona vile vitu kama kinyesi cha ndege juu ya majani nilivinyunyizia jivu, nikiamini nasafisha mti. Sasa niliinama nikaangalia. Walikuwepo wanne, wanakula. Na kwenye shina, chini kidogo ya usawa wa bega langu, kulikuwa na ganda tupu, limepasuka mgongoni, kichwa juu, mkanda ungali umelifunga. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka siku nyingi.

Nilisimama pale nikahisi uchovu ambao kulala hakuuponyi. Kuacha jambo ulilodhani unalijua si kazi. Kila mtu huacha. Lakini kwenda kukusanya maneno yako mwenyewe mdomoni mwa watu, moja moja, hiyo ni kazi, na nilijua sitaimaliza.

Nilianza na kikundi. Mara ya kwanza niliandika ujumbe mrefu wa kueleza: habari ya video za nje, habari ya mtandao, habari ya vitabu vilivyochelewa. Niliusoma nikaona kwamba nimeeleza vizuri sana, nikaufuta. Nikaandika kwamba nilikosea, kwamba mwalimu wa Wang'uru alikuwa sahihi na picha yake ilikuwa sawa, kwamba kuna vipepeo wanaoning'inia na kuna wanaosimama, na kwamba video yangu ifutwe. Kisha yule wa Doldol akaandika, "Basi leo ni zamu yako, mwalimu. Geuza simu." Nilistahili. Wengine wakaweka vicheko, mmoja akauliza kama afute hata kwenye kompyuta ya shule, nikamwambia afute.

Kisha nikampigia mwalimu mkuu wa Wang'uru. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema video yangu ilikuwa wazi, shule jirani zinaitumia, na fomu imeshaingia kwenye faili. Mtu anaweza kusema lolote kwenye simu, alisema, leo hivi na kesho vile. Kama nataka kubadilisha neno langu, nije nilibadilishe pale shuleni, mbele ya huyo mwalimu. Nilikuwa na sababu kumi za kutokwenda na zote zilikuwa za kweli, kuanzia magoti. Niliomba ruhusa, nikaenda Ijumaa.

Wang'uru kulikuwa na joto, na mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, watu wakiugeuza kwa miguu. Sweta niliyotoka nayo Mukurweini asubuhi nilikuwa nimeibeba mkononi kama mzigo wa mtu mwingine. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mrefu, mtaratibu, wa kuvua kofia akisalimia. Yule binti alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita mama, na hilo lilinichoma kuliko angeniita jina lolote baya.

Tulikwenda watatu kwenye mlimau ulio nyuma ya tangi la maji. Pupa walikuwa wawili, mmoja wa kijani kwenye kijiti kibichi, mwingine wa kahawia kwenye shina kavu, wote kichwa juu. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba hiki ndicho kitu ambacho mwalimu wake alinionyesha, na mimi nikamwambia macho yake yamekosea. Sikuongeza neno.

Mzee aliinama, akavaa miwani, akaangalia muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha. Alipoinuka alinigeukia mimi.

"Tulikuamini kwa sababu unaeleza vizuri," alisema.

"Ndiyo," nikasema. "Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Binti alikuwa ameshika tawi kwa kidole, akilivuta chini kidogo kwa ajili ya mzee. Akasema, akiwa hatuangalii, "Mimi nilirudi hapa mara tatu. Nilisimama hapa na simu, naigeuza, naangalia mti, naigeuza tena. Mara ya tatu nikaanza kuona ati ni kweli, ati mimi ndio sijui juu ni wapi."

Nimewahi kuambiwa maneno makali na wazazi, na wakaguzi, na hata na mwanafunzi aliyelewa. Hayakuniingia kama hayo. Niliwahi kudhani kwamba ubaya wa mwalimu ni ukali. Nilimwomba msamaha pale pale. Alisema haina neno, kama tunavyosema sote wakati neno lipo.

Mwalimu mkuu hakutoa ahadi. Alisema Jumatatu angeketi tena nyuma ya darasa na fomu mpya, na kwamba ile ya zamani angeiandikia sababu ya kuibadilisha, kwa mkono wake. Alitupeleka ofisini tukanywa chai. Njiani kurudi nililala, kichwa kikigonga kioo.

Siku kumi baadaye nilikuwa nasimamia mtihani wakati simu ilipotetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa maneno mawili: "Nimebaki, mama." Niliketi kwenye kiti cha mwalimu, jambo ambalo huwa silifanyi wakati wa mtihani, na mwanafunzi wa mbele akaniuliza kwa sauti ndogo kama ninaumwa. Nikamwambia aendelee kuandika.

Usifikiri mambo yaliishia hapo. Video mpya niliitengeneza, fupi zaidi, nikiwa na kijiti halisi cha mlimau. Walioitazama ni wachache. Ile ya zamani bado inatembea. Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi Nanyuki alinitumia hiyo kama zawadi, akiwa ameipata kwa jirani yake muuza mbuzi, na akaniuliza kama huyo si mimi. Nilimjibu kwamba ni mimi, na kwamba aifute, na amwambie jirani. Najua jirani alikuwa ameshaituma kwingine. Kila ninapoipata naandika yale yale, na nimeanza kuzoea, kama unavyozoea kufagia ua ulio chini ya mti usioacha kudondosha majani.

Binti wa Wang'uru sasa ndiye anayejibu maswali ya vipepeo kwenye kikundi. Hutumia muda. Mtu akituma picha asubuhi, yeye hujibu jioni, na mara nyingi jibu lake la kwanza ni swali: ulimkuta kwenye mmea gani? Mimi husoma tu. Na kuna jambo moja aliloliomba kikundini ambalo sasa nawafundisha wanafunzi wangu kabla ya kuwafundisha neno pupa, nami nakuachia na wewe. Ukikuta mdudu unayetaka kumpiga picha, usisogee karibu kwanza. Rudi hatua mbili nyuma, upige picha moja ambamo shina lote na ardhi lilikoota vinaonekana. Baada ya hapo ndipo usogee.